Siku Tuliyoitwa Kujieleza kwa Sababu ya Dagaa

Alhamisi, Rusimbi. Asubuhi mawingu yalikuwa mazito upande wa ziwani nikajua tutaloa, lakini kufikia saa nne jua lilikuwa limeshatoboa na matope ya barabarani yameanza kukauka. Naandika nikiwa nimekaa kibarazani, viatu nimevua, lakini gauni la kitenge nililovaa kwenda kituoni bado liko mwilini. Sitaki kulivua. Naona kama nikilivua siku nayo itaisha.

Najivunia. Wacha niseme hivyo hivyo bila kuzunguka, maana wanaonifahamu wanajua sina kipaji cha kuficha jambo. Leo nimetabasamu mpaka mashavu yanauma.

Ila kabla sijafika kwenye raha lazima nipite kwenye aibu. Hii ni shajara yangu, ingawa iko mtandaoni, na nikianza kujidanganya hapa sijui ukweli nitausemea wapi.

Kwa wanaopita hapa kwa mara ya kwanza: jina langu Jenoveva, wengi wananiita Jeni. Nimezaliwa Mwandiga kwenye familia ya wakulima, sasa nimepanga chumba hapa Rusimbi na nasoma shahada ya ualimu kwa masafa. Chuo chenyewe kiko mbali. Sisi wa huku tuna kituo kidogo mjini chenye vyumba vitatu, mhadhiri mmoja tunayemwita Dokta, na intaneti inayokuja ikijisikia. Mwaka wetu tuko wanafunzi kumi na tisa. Anayeishi mbali kuliko wote ni Filbert wa Kagunga, kule karibu na mpaka, ambako simu yake hushika mtandao wa Burundi kabla haijaukumbuka wa kwetu. Ana kwa ana tunaonana siku za mitihani tu. Siku nyingine zote tunakutana kwenye kundi sogozi, na admini wa kundi hilo ni mimi.

Mimi ndiye niliyelianzisha. Mimi ndiye niliyeandika kanuni: hakuna salamu za asubuhi zenye maua, hakuna matangazo ya biashara, hakuna siasa. Mimi ndiye niliyekuwa natuma vitini, maswali ya miaka iliyopita, na zile picha zenye maneno ya kutia moyo ambazo sasa nikiziona naona haya. Kila Ijumaa nilikuwa natangaza Mwanakundi Bora wa Wiki, na picha ya kikombe cha dhahabu.

Mara mbili nilijitangaza mwenyewe. Hapakuwa na mwingine.

Maana tatizo lilikuwa kimya. Natuma kitini, tiki zinageuka bluu moja baada ya nyingine, wote wamesoma, hakuna anayesema kitu. Nauliza nani ana majibu ya swali la sita, kimya. Niliweka darasa la kila Jumamosi saa tatu asubuhi, kila mtu aje aeleze kitu kimoja anachokijua. Jumamosi ya kwanza tulikuja wanne. Ya pili wawili. Ya tatu nilikaa peke yangu na simu yangu kuanzia saa tatu hadi saa nne na robo, nikiandika "Karibuni jamani" kila baada ya dakika kumi kama mtu anayeita kuku.

Nilikasirika. Mimi hasira zangu hazikai tumboni, zinatoka zikiwa mbichi. Jumatatu iliyofuata niliandika ujumbe mrefu, nikasema kundi hili limejaa wachoyo wa elimu, watu wanakula wakishiba wanafuta midomo. Kisha nikafanya kitu ambacho mpaka leo kikinijia nikiwa naosha vyombo nasimama kwanza. Niliorodhesha majina. Wote ambao hawajawahi kuchangia hata neno moja tangu kundi lianze, majina yao matatu matatu kama kwenye orodha ya wadaiwa. Walikuwa kumi na moja.

Wawili walijitoa siku hiyo hiyo. Waliobaki walizidi kunyamaza.

Na sasa ukweli wenyewe, ambao sijawahi kuuandika popote. Sikuwa na uchungu wa elimu ya wenzangu. Jaribio la kwanza la somo la takwimu nilikuwa nimefeli. Nilipata alama ambayo hata mama yangu sikumwambia, na mama yangu haelewi alama. Nilikuwa natafuta mtu atume maelezo ya ile sura ya sampuli nijifunze kimyakimya, huku kila mtu akiendelea kudhani kwamba Jeni ndiye anayejua. Kuomba sikutaka. Nilitaka wao watoe, nami nichukue kama msimamizi anayekagua.

Wiki hiyo mama alinipigia kutoka Mwandiga, anataka dagaa wa kupeleka kwenye msiba kwa wifi yake. Nikashuka Kibirizi ufukweni. Nilikuwa napita katikati ya vichanja vya waya, wanawake wanageuza dagaa, harufu imeshika hewa yote, mara nikamwona Mwamini.

Mwamini ni mwenzetu wa mwaka wa pili. Ni mtu wa Ujiji, wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani wakaweka makazi pale pale. Ana watoto watatu, amenizidi miaka kama saba hivi. Jina lake lilikuwa la nne kwenye orodha yangu. Nilipomwona nilitaka kugeuka, lakini alikuwa ameshaniona, akanikaribisha vizuri tu, akanipangusia ndoo nikae. Hakusema lolote kuhusu orodha. Nafikiri angenitukana ningepumua.

Nilikaa pale karibu saa nzima na ndipo nikaelewa nilivyokuwa mjinga. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, mitumbwi inafika alfajiri, na kuanzia hapo mwanika dagaa hana mkono wa kushika simu mpaka jua lishuke. Mvua ikinusa tu, anakimbia kufunika. Darasa langu la saa tatu asubuhi lilikuwa linaanza wakati Mwamini yuko katikati ya vichanja, mikono ina magamba mpaka kwenye viwiko. Na hakuwa peke yake. Wenzetu sita wa kundi wanaishi kwa ziwa kwa namna moja au nyingine, na Filbert mwenyewe ni mvuvi, asubuhi ndiyo analala. Mimi, mtoto wa mahindi na maharage, niliwaita wachoyo watu ambao nilikuwa nawaita darasani saa ambayo ndiyo wanatafuta ugali.

Nikamuuliza sasa mnapumzika lini. Akacheka kidogo, akaniambia mwezi ukiwa mkubwa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, mitumbwi inakaa nchi kavu siku kadhaa, watu wanashona nyavu na kwenda harusini. Hilo kila mtoto wa pale analijua. Mimi nimeishi kilomita chache tu kutoka ziwani maisha yangu yote na nilikuwa sijawahi kulifikiria.

Kisha akaenda kuwaona wateja, na kwenye mfuko wa plastiki chini ya kanga aliyoiacha nikaona daftari. Nililifungua, ndiyo, bila kuomba. Ndani kulikuwa na sura nzima ya sampuli, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, na michoro. Vichanja vimechorwa kama vyumba, vya karibu na maji, vya juu, na sehemu ya wale wanaoanikwa mchangani. Maswali yote ya mwisho wa sura yalikuwa yamejibiwa, hata lile la sita lililokuwa linanitoa machozi.

Aliporudi nilimuuliza kwa nini hajawahi kututumia haya kwenye kundi. Alipandisha mabega.

"Nimtumie nani?" alisema.

Baadaye, nilipomsumbua zaidi, alinieleza kwamba mwaka wa kwanza aliwahi kuandika kwenye jukwaa kubwa la chuo, lile la nchi nzima. Aliandika maelezo yake kwa mfano wa dagaa. Mtu mmoja akaweka kikaragosi cha kucheka, wengine wakafuata, kisha mada ikahama. Hakuna aliyesema amekosea na hakuna aliyesema amepatia. Tangu hapo anasoma, anaandika kwenye daftari, anafunga mfuko.

Nilimwomba anieleze mimi mmoja, pale pale. Na alinieleza. Alisema mnunuzi mgeni akija anachota konzi moja mdomoni mwa gunia, anaonja, analipa. Kumbe wazuri wamepangwa juu. Anayejua kazi anauliza kwanza wameanikwa wapi, maana wa mchangani wana mchanga, wa karibu na maji wana unyevu, wa vichanja vya juu ndio wakavu. Akishajua hivyo, anachota kila mahali kulingana na wingi wake, tuseme konzi thelathini kwa jumla, na anachota bila kuchagua. "Chukulia vichanja vya Bibi Zaituni pale," akasema, akinyoosha kidole kwa jirani yake, bibi mmoja aliyekuwa amesinzia chini ya mwavuli. Hiyo, alisema, ndiyo sampuli ya matabaka.

Nilimwomba arudie nimrekodi. Alikataa, kisha akakubali.

Ule ujumbe wa sauti niliutuma kwenye kundi nikiwa nimeandika jina lake juu, na chini yake nikaomba radhi kwa orodha. Niliwafuata wale wawili waliojitoa, mmoja mmoja, nikawaomba warudi. Mmoja alirudi siku hiyo. Wa pili alinikalia kimya siku nne kisha akarudi bila maelezo, na alikuwa na haki. Darasa nililihamisha kutoka Jumamosi kwenda siku za mwezi mkubwa, saa kumi jioni, na kikombe cha dhahabu nikakizika.

Mwezi ule wa kwanza walikuja kumi na wawili.

Filbert alituma jumbe tatu za sauti kutoka Kagunga, zote zikianza kwa salamu ya Kiha, "Mwakeye, mwakeye wote," akieleza wastani kwa ukubwa wa matundu ya nyavu. Binti mmoja wa Mwandiga alieleza kwa michikichi. Nilikuwa sijawahi kuona watu wale wale wakiwa hivyo. Na kila mtu alikuwa amesikiliza ile sauti ya Mwamini, tena na tena.

Tuliisikiliza kupita kiasi.

Kazi ya nyumbani ilipokuja ilisema: buni utafiti mdogo katika mazingira yako, eleza utakavyochagua sampuli. Tukaandika, tukatuma. Wiki mbili baadaye Dokta alipigiwa simu kutoka makao makuu. Msahihishaji huko alikuwa amekutana na dagaa wa Bibi Zaituni mara kumi na nne. Kazi kumi na nne za wanafunzi kumi na nne, vichanja vile vile, konzi thelathini zile zile, na Bibi Zaituni yule yule. Hata wa michikichi alikuwa ameacha michikichi yake akahamia ufukweni. Tulivyo sisi, tulidhani kumtaja Bibi Zaituni ni sehemu ya jibu. Wengine walidhani ni mtu wa kitabuni.

Sasa nacheka. Siku ile sikucheka. Barua iliyofuata ilisema kazi zetu zinashukiwa kuwa za kunakiliana, kwamba tufike kituoni Alhamisi kujieleza, na atakayeshindwa atafutiwa somo zima. Kwa Mwamini ambaye ada ya masomo analipa konzi kwa konzi, kufutiwa somo ni mwaka. Kwangu mimi niliyekuwa tayari na jaribio moja la kufeli, ilikuwa ni kufungasha na kurudi Mwandiga.

Kundi liliingia hofu. Wengine walianza kusema tuseme hatujuani. Mmoja alisema kosa ni la aliyetuma ile sauti. Mwamini alikaa kimya siku nzima, na mimi nilijua kile kimya ni cha aina gani, kwa hiyo niliandika kwamba sauti niliituma mimi, na kama kuna wa kulaumiwa mnaye hapa. Hapo nilikuwa jasiri. Kuandika hivyo hakukunigharimu kitu.

Kilichonigharimu kilikuja Jumapili, nilipokaa kujiandaa. Nilifungua kazi yangu mwenyewe nikaisoma kama mtu anayesoma barua ya jirani. Nilikuwa nimeandika matabaka kwa sababu Mwamini alisema matabaka. Nikajiuliza: na kama ungekuwa ufukwe mwingine? Kitabu kinasema kuna sampuli ya matabaka na kuna sampuli ya makundi. Lini unatumia ipi? Nilisoma ukurasa ule mara nane. Haukuingia.

Kati ya wale kumi na wanne, aliyenakili kweli kweli nilikuwa mimi. Admini.

Niliandika ujumbe nikafuta. Nikaandika tena kwa ujanja, "Nani anaweza kuwakumbusha wenzetu tofauti ya matabaka na makundi?", nikautazama ule ujanja, nikaona ni Jeni yule yule wa orodha. Nikafuta. Saa saba mchana, jua limekaa utosini, nikaandika hivi:

"Jamani, mimi sielewi. Matabaka na makundi vinanichanganya. Kwenye kazi yangu nilichukua mfano wa dada Mwamini bila kuuelewa. Jaribio la kwanza nilifeli, sikuwaambia. Naomba mnifundishe kabla ya Alhamisi."

Nikatuma. Nikaitia simu ndani ya kapu la nguo chafu, nikatoka kwenda kuchota maji ambayo sikuyahitaji.

Nilivyorudi kulikuwa na jumbe za sauti tisa. Tisa. Hakuna hata moja ya kunisema. Mmoja alikiri kwamba na yeye jaribio lile lilimshinda, wa pili akafuata, na yule aliyenikalia kimya siku nne ndiye aliyeniandikia ukurasa mzima kwa mkono akaupiga picha. Filbert alieleza ya kwake akakosea, akasahihishwa na binti wa michikichi, wakabishana mpaka wote wawili wakapatia. Watu niliowahi kuwaita wachoyo walikuwa wananifundisha kwa zamu, na mimi nimekaa kitandani nasikiliza, machozi yananitoka bila kujua ni ya nini.

Mwamini hakutuma sauti. Alinipigia, akaniambia njoo.

Jumatatu jioni nilikuwa Kibirizi tena. Safari hii hakunionyesha vichanja, alinipeleka sokoni kwa wauza reja reja. Wale wanawake wanapanga mabeseni, na kila beseni lina kidogo cha kila aina, wakubwa, wadogo, wa mchangani, wa kichanja. Akaniuliza nikitaka kujua soko lote nitaonja kila beseni? Nikasema hapana, yote yanafanana, nikiyajua machache nimeyajua yote. Akasema basi hayo ndiyo makundi: chagua mabeseni machache bila kupendelea, kisha kagua kila kilichomo. Na vichanja je? Nikasema vichanja kila kimoja kina tabia yake, nikiacha kimoja nimekosa kitu, lazima nichote kila mahali.

"Sasa hivyo umesema mwenyewe," akasema. "Mimi nimekuleta sokoni tu."

Basi. Leo ndiyo ilikuwa Alhamisi.

Tulifika kumi na watano. Walioitwa ni kumi na wanne. Wa kumi na tano alikuwa Filbert, ambaye kazi yake iliandikwa juu ya nyavu na haikuwa na shaka yoyote. Alipanda boti ya abiria kutoka Kagunga jana, akalala kwa ndugu yake, akaja kusimama mlangoni na shati lililonyooshwa vizuri. Dokta alimwambia hayumo kwenye orodha. Filbert akasema shikamoo, kisha akasema na yeye alisikiliza sauti ile ile, kwa hiyo kama kuna kuulizwa na yeye aulizwe. Dokta akamwonyesha kiti.

Dokta si mtu mbaya, ila leo alikuwa amevaa uso wa kazi. Alitugawia karatasi, kila mtu swali lake, na hakuna lililofanana na la mwenzake. Nusu saa kuandika, kisha kila mmoja asimame aeleze mbele ya wote. Akamaliza kwa kusema kwamba humo ndani hataki kumwona dagaa hata mmoja. Kuna aliyecheka kwa woga, sitamtaja, ni mimi.

Swali langu lilikuwa la matofali. Kijiji kina matanuri mengi ya matofali, kila tanuri lina matofali ya kila aina, yaliyoiva na yasiyoiva, na mkaguzi ana siku moja tu. Mkono wangu ulianza wenyewe kuandika "matabaka". Nilifika kwenye herufi ya tano. Nikasimama, nikaliangalia lile neno, nikaliangalia swali. Kila tanuri lina kila aina. Nikaona mabeseni. Nikakata.

Niliandika makundi, nikaandika sababu, nikaandika na pale ambapo njia hiyo ingeniponza kama tanuri moja lingekuwa la mtu mmoja mwenye udongo wake tofauti. Hilo la mwisho hakuna aliyenifundisha. Lilikuja lenyewe na nilishtuka kuliona kwenye karatasi yangu.

Kisha tukasimama mmoja mmoja. Nimesema najivunia, na hapa ndipo penyewe. Binti wa michikichi aliongea kwa sauti ndogo lakini hakurudi nyuma Dokta alipombana. Yule wa siku nne alimweleza Dokta vizuri mpaka Dokta akasahau kukunja uso. Filbert alitumia maneno mawili ya Kiha katikati, akajisahihisha, akaendelea. Nami nilieleza matofali yangu, na Dokta aliponiuliza kwa nini nimekata neno pale juu nilimwambia ukweli, kwamba nilikuwa naanza kunakili kichwani mwangu.

Mwamini alikuwa wa mwisho. Huyu mwanamke ambaye hajawahi kuongea mbele ya watu wa chuo aliomba chaki. Akachora ubaoni. Swali lake lilikuwa la zahanati na alilieleza kama anavyoeleza ufukweni, polepole, akirudi nyuma kuangalia kama tuko pamoja naye. Katikati Dokta alimuuliza swali, na nina hakika lile halikuwa swali la kumtega. Alikuwa anataka kujua.

Dokta alitoka nje kupiga simu. Alikaa huko muda mrefu sana. Aliporudi alisema kazi zetu zimekubaliwa. Tutakatwa alama chache, maana mfano wa mtu ukiutumia lazima useme umeutoa kwa nani, na Bibi Zaituni, alisema, siye mwenye mfano. Akatugawia fomu mpya za kuambatisha. Mwishoni kuna mstari unaotaka utaje aliyekusaidia. Miaka yote watu wa chuo chetu huandika "Hakuna". Dokta akasema leo tuandike ukweli.

Nilipewa kazi ya kukusanya fomu, kwa mazoea ya uadmini. Nikawa nazipanga huku nikizisoma, tabia yangu hiyo haijaisha. Mwamini. Mwamini. Mwamini. Filbert ameandika Mwamini, nami nimeandika Mwamini na chini yake nimewajaza wale wengine wote walionitumia sauti mpaka nafasi ikaisha. Nikafika kwenye ya Mwamini mwenyewe.

Ameandika jina langu. Majina yangu yote matatu.

Nilidhani amekosea mstari. Tulipotoka nje nilimvuta pembeni nikamwambia dada Mwamini, wewe ndiye uliyetufundisha sisi, mimi nimekusaidia nini? Mimi nilikuandika kwenye orodha. Alikuwa anafunga kanga vizuri, anataka kuwahi vichanja kabla jua halijashuka.

"Mwaka mzima na nusu niko na lile daftari," akasema. "Wewe uliniuliza."

Akaenda zake. Nilibaki nimesimama pale nje ya kituo, mpaka Filbert akaja kuniuliza kama naumwa.

Sijui kama nitafaulu mtihani wa mwisho. Sura ya tano bado inanishinda, na kesho asubuhi nitaandika kwenye kundi kwamba inanishinda.